Kibandiko Kisichotaja Karatasi

Simama mbele ya kazi yoyote katika galari ya chapa, yaani picha zinazochapwa kwa bamba, mbao, linoleamu au jiwe, kisha usome kibandiko kilichowekwa pembeni yake. Utaona jina la msanii, jina la kazi, mwaka, "chapa ya linoleamu", 4/20 (nakala ya nne kati ya 20), bei. Karatasi haimo. Ikibahatika kutajwa, inatajwa kwa maneno "wino juu ya karatasi", ambayo yanamfaa msomaji sawa na mkahawa kuandika kwenye orodha yake "chakula ndani ya sahani".

Kwa galari inayouza kila kitu, kuanzia picha za rangi ya mafuta hadi vinyago, uzembe huo unavumilika. Kwa galari iliyounganishwa na karakana ya uchapaji na utengenezaji wa karatasi hauvumiliki hata kidogo, maana chumba cha pili yupo mtu aliyelowa hadi viwiko akitengeneza hicho hicho kisichotajwa. Ukimya wa kibandiko unatoboa siri: karakana imewekwa pale iwe pambo la kuvutia wageni, na walioko mbele hawaulizi walioko nyuma wanafanya nini.

Wangeuliza wangepata jibu la kihesabu kabisa. Tuseme msanii anataka toleo la nakala 20 za chapa ya bamba la shaba. Ongeza nakala mbili za msanii, moja ya idhini ambayo wachapaji huitumia kama kipimo cha nyingine zote, na moja ya kumbukumbu ya karakana: 24. Katika kazi ya bamba, kuharibika kwa karatasi moja katika kila tano si aibu, kwa hiyo zitengenezwe 30. Kila moja ni sentimita 50 kwa 70, gramu 300 kwa mita ya mraba. Hapo kila karatasi inataka gramu 105 za nyuzi kavu za pamba, na kazi nzima inataka kilo 3 na gramu 150, ukiacha zile zitakazobaki ndani ya beseni.

Sasa angalia beseni lenyewe. Lita 100 za rojo, yaani nyuzi zilizopondwa ndani ya maji, zikiwa na asilimia 1 ya nyuzi, zina kilo moja tu. Kila fremu yenye wavu inapozamishwa na kuinuliwa, sehemu moja ya kumi ya nyuzi imeondoka, ilhali maji mengi yamechuruzika na kurudi. Asiyelijua hilo huendelea kuzamisha kwa mkono ule ule na kwa kina kile kile, na karatasi ya tano inatoka na uzito pungufu kidogo ya theluthi mbili ya ile ya kwanza. Zikiwa mbichi juu ya blanketi zinafanana kama mapacha. Tofauti inajitokeza siku ya kuchapa, wakati presi imekazwa kwa kufuata unene wa karatasi ya kwanza: ile nyembamba inapita chini ya roli bila kubanwa vya kutosha, na mistari inatoka imekatikakatika. Mchapaji atalaumu wino. Msanii atamlaumu mchapaji. Kosa lilikuwa ndani ya beseni wiki mbili kabla.

Tiba yake haina uganga. Baada ya kila karatasi, mimina lita 3 na nusu za rojo zito la asilimia 3, koroga hadi chini, subiri mawimbi yatulie lakini nyuzi zisianze kuzama, ndipo uzamishe tena. Fremu ikitoka majini itikiswe mara moja mbele na nyuma, mara moja kulia na kushoto, kisha mikono itulie. Anayeendelea kutikisa baada ya maji kuisha kwenye uso wa wavu anazivuruga nyuzi zilizokwisha kushikana, na karatasi inapata mawingu: ukiinua kwenye mwanga unaona mabonge na madirisha.

Kabla ya beseni kuna sufuria, na hapo ndipo umri wa kazi unapoamuliwa. Pamba ni safi tangu mwanzo, haina shida. Nyuzi za mimea mingine, iwe ganda la mforsadi wa karatasi ambao Wajapani wanauita kozo, iwe mkonge au mgomba, zina lignini, gundi ya asili inayoshikilia mti usimame. Lignini ikibaki ndani ya karatasi inageuka rangi ya chai kwa mwanga na hewa, kama gazeti lililosahaulika dirishani. Kipimo kinachotumika sana kwa kozo ni gramu 200 za magadi yaliyosafishwa, yaani kaboneti ya sodiamu, kwa kilo moja ya nyuzi kavu, katika lita 15 za maji, kwa moto wa wastani saa mbili hadi tatu. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini italiwa na magadi na kuchafua nyuzi. Jaribio la kujua kama zimeiva ni la vidole: chukua ukanda mmoja, uvute kwa upana wake. Ukifunguka kama wavu, zima moto. Ukikataa, endelea. Kisha suuza mpaka maji yawe meupe na kipimo cha pH, yaani cha asidi na magadi, kikaribie 7, na hapa ndipo karakana zenye haraka hukwama, kwa kuwa suuza ya nne inachosha na haionekani ina faida yoyote kwa siku ile.

Baada ya kupika ni kuponda. Blenda ya jikoni inakata nyuzi fupi fupi. Karatasi yake ni dhaifu na inachanika ukiikunja. Mashine iitwayo Hollander, iliyobuniwa Uholanzi katika karne ya 17, inazisaga nyuzi kati ya ngoma yenye visu butu na kitako chake, ikizichambua nje zipate vinyweleo vya kushikana bila kuzikata sana. Muda wa kuponda hubadilisha kila kitu. Nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba, zikipondwa kwa saa moja zinatoa karatasi laini isiyopitisha mwanga. Zile zile zikipondwa saa nane zinatoa karatasi inayolia ukiitikisa, nusu angavu kama ngozi ya ngoma, na inayonywea sana inapokauka kiasi cha kujikunjakunja ikiachwa bila kubanwa. Mmea ule ule, magadi yale yale, lakini vitu viwili visivyofanana. Mtu anayeandika "karatasi ya abaka" pasipo kutaja muda wa kuponda ameeleza nusu.

Wasanii wanalijua hili kuliko walioko kwenye kaunta. Mwaka 1978 mchoraji Mwingereza David Hockney alikwenda kwenye karakana ya mchapaji Kenneth Tyler katika jimbo la New York akatengeneza kazi za mabwawa ya kuogelea zilizojulikana kama Paper Pools kwa kumimina rojo lenye rangi ndani ya kuta za bati zilizowekwa juu ya karatasi mbichi, kisha vyote vikabanwa pamoja vikawa kitu kimoja. Wino haukupakwa juu ya chochote. Picha ni karatasi, na karatasi ni picha. Ukiandika "juu ya karatasi" kwenye kibandiko cha kazi kama hiyo umekosea kwa maana ya wazi kabisa ya neno.

Turudi kwenye presi, maana ndiko karatasi inakojibu maswali. Kwa chapa ya bamba lililochorwa na kuliwa na kemikali, wino umejazwa mferejini, uso umefutwa kwa shashi ngumu na kumaliziwa kwa kiganja, na karatasi inatakiwa iingie ndani ya mfereji kuutoa wino huo. Karatasi kavu haiingii. Inalowekwa, karatasi nzito ya pamba kwa nusu saa au zaidi, kisha inakaushwa kati ya karatasi za kufyonza hadi uso wake usiwe na mng'ao wowote. Mng'ao ni maji, na maji na mafuta havipatani: kila kitone kinachong'aa kitakuwa doa jeupe kwenye picha. Ikizidi kukauka, mistari myembamba inapotea kwanza, hasa pembeni, kwa sababu pembeni ndiko karatasi inakoanza kukauka wakati mchapaji anahangaika na bamba.

Karatasi ya mkono ina mtego wake hapa. Ikitengenezwa bila dawa ya kuzuia kunyonya, ikilowekwa nusu saa inalegea kama uji uliomwagika, na ikipita kwenye presi inang'ang'ania bamba na kuacha manyoya yake kwenye wino. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutia dawa hiyo ndani ya rojo kabla ya kuzamisha. Ya pili ni kuitumbukiza karatasi iliyokauka ndani ya jelatini, gramu 20 kwa lita ya maji ya nyuzijoto 50 hadi 60. Jelatini ikichemka inapoteza nguvu. Karatasi isiyotiwa dawa yoyote nayo ina kazi yake: inafaa sana kwa chapa ya mbao au linoleamu, inapochapwa kavu au ikiwa na unyevu kidogo tu wa kupuliziwa, kwa sababu inaunywa wino upesi na kuupa uso mpole usiong'aa.

Halafu kuna rangi zaidi ya moja. Karatasi yenye unyevu hutanuka. Ya sentimita 50 ikitanuka kwa asilimia 1 tu imeongezeka milimita 5. Mchapaji aliyechapa bamba la bluu leo karatasi ikiwa na unyevu, akaiacha ikauke, akaja na bamba la nyekundu kesho bila kuirudisha kwenye unyevu ule ule, ataona midomo ya sura imehamia shavuni. Karatasi ya kiwandani nayo hutanuka, ila zote kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo kosa linaweza kukadiriwa. Za mkono zilizotoka kwenye beseni lisiloongezewa rojo zinatanuka kila moja kwa namna yake, na hapo hakuna alama za kupangia zitakazokuokoa.

Nisieleweke kwamba karatasi ya mkono ni bora kila mara. Ziko karakana zinazoitumia kama medali, zikimlazimisha kila msanii mwalikwa achape juu ya rojo la nyumbani ili hadithi ya galari ikamilike. Linoleamu yenye mistari ya nusu milimita ikichapwa juu ya karatasi yenye mabonge inapoteza nusu ya kazi ya patasi. Wino unakaa vilimani, mabondeni panabaki peupe. Msanii huyo anahitaji karatasi laini ya kiwanda kizuri, na galari yenye adabu itampa hiyo na kuitaja kibandikoni bila kuona haya. Kutaja karatasi kunakodai heshima kwa ya mkono peke yake ni matangazo ya biashara.

Pingamizi linalotolewa na wauzaji linajulikana: mnunuzi hajali gramu wala saa za kuponda. Lakini mnunuzi huyo huyo ndiye anayeuliza, tena kwa sauti, kwa nini alipe fedha zote hizo kwa kitu kilichotolewa mara 20, wakati printa ya ofisini kwake inatoa mia kwa dakika chache. Lugha yetu inamsaidia kuchanganyikiwa. Chapa ni alama ya moto kwenye paja la ng'ombe, ni nembo ya kampuni, ni kazi ya bamba la shaba, na ni kile kinachotoka kwenye mashine ya kunakili. Chini ya neno pana namna hiyo ni rahisi mno kuingiza picha iliyopigwa kwa kamera, ikatolewa kwa printa ya wino, ikatiwa saini kwa penseli na kuandikwa 12/100. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jukumu la galari ya chapa ni kuonyesha kilivyoundwa.

Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha. Kiwekwe mezani, kifungwe kwa kamba kama kalamu ya benki. Chapa ya printa itaonyesha vumbi la vitone vya rangi tofauti, hata mahali panapoonekana ni kijivu kitupu. Chapa ya linoleamu itaonyesha kingo ambako wino umesukumwa nje na kujikusanya, mweusi zaidi kuliko katikati. Chapa ya bamba itaonyesha mstari ulioinuka juu ya karatasi, unaoguswa kwa ncha ya kidole kwenye nakala ya majaribio, pamoja na bonde la ukingo wa bamba kuizunguka picha yote. Mgeni aliyeangalia vitu hivyo vitatu kwa dakika tano hadanganyiki tena kirahisi.

Namba nazo zinataka maelezo. Wengi wanaamini 1/20 ni bora kuliko 20/20. Kwa linoleamu na kwa bamba lililoliwa barabara, hiyo ni imani tu: nakala hupangwa kukauka, huchanganyika, na msanii huandika namba anavyozikuta mezani. Chapa ya sindano kavu ni habari nyingine. Humo sindano haichimbi tu. Inainua ukingo wa shaba kama udongo wa jembe, na ukingo huo ndio unaoshika wino ule mweusi wa mahameli. Presi inaulaza kila ikipita. Baada ya nakala 10 hadi 20 mahameli imekwisha na kubaki mistari mikavu, isipokuwa bamba limevishwa utando wa chuma kigumu. Kwa hiyo toleo la nakala 50 la sindano kavu lisilotaja utando huo linapaswa kumfanya mnunuzi aulize, na katika aina hii tu ya kazi mpangilio wa namba ulindwe tangu karatasi ya kwanza.

Mfano wa kumbukumbu nzuri upo na ni wa zamani kiasi. Msanii June Wayne alipoanzisha karakana ya Tamarind mjini Los Angeles mwaka 1960, kwa ajili ya uchapaji wa mawe, yaani wa picha inayochorwa juu ya jiwe, kila toleo lilifunguliwa hati yake: karatasi gani, ngapi kwa kila aina, nani alichapa, wino upi, na jiwe lilifutwa lini. Muhuri mkavu wa karakana na wa mchapaji ukagandamizwa kwenye kona. Karakana ilihamia Albuquerque mwaka 1970, chini ya Chuo Kikuu cha New Mexico, na utaratibu wa hati ukabaki kuwa kipimo ambacho karakana nyingine zinapimwa nacho. Kitu cha kusikitisha ni kwamba hati za namna hiyo mara nyingi hulala kabatini. Mistari minne tu ingetolewa ikaandikwa ukutani, kazi ingekuwa imekwisha.

Mstari wa jiwe au bamba kufutwa ndio unaorukwa zaidi, na ndio wenye fedha. Mchoraji Mhispania Francisco Goya alifariki mwaka 1828. Mabamba 80 ya mfululizo wake kuhusu maafa ya vita yalitolewa kwa mara ya kwanza kama toleo mwaka 1863. Dunia imefaidika kwa mabamba yale kubaki mazima. Lakini msanii aliye hai anayeuza leo toleo la nakala 20 ameahidi 20, na ahadi hiyo ina maana pale tu bamba linapokwaruzwa msalaba kutoka kona hadi kona na nakala moja ya bamba lililokwaruzwa kuwekwa kwenye hati. Mkataba useme pia bamba ni la nani baada ya hapo.

Kuhusu jengo, nina neno moja tu la kusema: ukuta kati ya karakana na galari ni wa kuzuia unyevu, usizuie macho. Karatasi 30 zilizotoka kwenye mashine ya kubana bado zina maji karibu theluthi mbili ya uzito wake. Hiyo ni takribani lita 6 zitakazopanda hewani chumbani zinapokauka, kabla hujahesabu mablanketi. Kazi zilizoko ukutani zinataka unyevu wa hewa usiotikisika kati ya asilimia 45 na 55 na mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza). Kukiwa na uwazi kati ya vyumba, karatasi ndani ya fremu inavimba Jumatatu na kunywea Alhamisi, ikigusa kioo inanata, na baada ya msimu mmoja madoa ya ukungu yanaanza. Kioo kizima kutoka sakafuni hadi darini, mlango wenye mpira, feni ya kutoa hewa nje upande wa beseni. Chini ya sinki kuwe na chujio la vitundu vidogo na chombo cha rojo kutuama, kwa sababu nyuzi zinazopita huenda zikajikusanya kwenye kona ya kwanza ya bomba na kuwa ngumu kama kadibodi. Maji ya kuchonga shaba yasiingie huko kamwe: yatiwe magadi kidogo kidogo, yatoe povu, mpaka yawe karibu na pH 7, tope likaushwe na kupelekwa panapopokea taka za kemikali.

Na zile karatasi sita zilizoharibika? Tamaa ya karakana yoyote yenye beseni ni kuzirudisha ndani ya rojo. Haifai, wino wa mafuta hauyeyuki majini, unavunjika kuwa punje nyeusi zitakazotokea kwenye anga jeupe la msanii anayefuata. Vinavyorudi ni vipande vya pambizo visivyoguswa na wino. Sita zenyewe ziandikwe kwa penseli nyuma, "unyevu mwingi", "presi imelegea", "karatasi ya tano, nyembamba", zikatwe kona ili zisiuzwe, na ziwekwe kwenye droo isiyofungwa chini ya ile kazi iliyofanikiwa, mahali ambapo mgeni anaweza kuivuta mwenyewe.